Bodaboda wa kusindikiza mkimbiaji, Kisumu hadi Homa Bay: barafu nyota tano, simu nyota mbili

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Shilingi 3,000 kwa siku nzima, mafuta juu yangu, chakula chake juu yangu, barafu nanunua mwenyewe. Ukiongeza nauli ya matatu ya kurudi Kisumu, jumla inakaribia 5,500. Mwenzangu wa wodini alicheka mpaka akakaa chini: "Yaani umlipe mtu wa bodaboda kutwa nzima na wala hakubebi?" Ndiyo. Namlipa ili asinibebe.

Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, na siku zangu za mapumziko hukimbia masafa ya kupita marathoni. Kasi sina. Kilomita moja hunichukua dakika nane, jua likikolea tisa. Njia ninayoipenda hutoka mjini ikapitia Nyamasaria, Rabuor na Ahero, ikakata kulia pale Katito, ikaenda Pap Onditi, ikavuka mto Sondu Miriu, ikaingia Kendu Bay na kuishia Homa Bay. Kilomita mia moja na ushei. Tathmini hii ni ya Februari, kiangazi chenyewe, wakati udongo mweusi wa Uwanda wa Kano unapasuka nyufa za kuingiza kiganja na ng'ombe wanagombea kivuli cha nguzo ya stima.

Wageni hawalijui jua la huku. Kisumu iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zake ni zilezile za Mombasa, kwa hiyo mwezi wa pili jua huchomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi na kufika utosini karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Anayekwambia upumzike saa sita halafu uondoke saa nane "likishapoa" hajawahi kulikimbia. Saa nane ndipo lami inapokurudishia joto lote ililokusanya tangu asubuhi, likupate kutoka chini huku jua likikupata kutoka juu.

Nilikuwa na ule mfuko wa mgongoni wenye mpira wa kunyonyea maji, wa mtumba kutoka soko la Kibuye, wa heshima kabisa. Bado ninao. Lakini lita mbili ni kilo mbili mgongoni, mgongo uliofunikwa haupoi, na ikifika saa tatu asubuhi maji yenyewe ni chai iliyosahaulika mezani. Gari la kukodi nimeuliza: karibu mara tatu ya pesa hizi, na dereva hana pa kuegesha kwenye barabara ambayo ukingo wake umeliwa na mvua. Kule California kuna mbio za Badwater, kilomita 217 mwezi wa Julai kupitia Death Valley, na sheria yao ni kwamba mkimbiaji haanzi bila kikosi cha kumsindikiza. Kazi kubwa ya kikosi hicho ni barafu: barafu kofiani, barafu shingoni, barafu kokote itakakokaa. Wao wana magari. Sisi tuna bodaboda za samaki, na nitasema wazi kwamba kwa barabara zetu pikipiki inalishinda gari. Inageuka popote, inapita kando ya trekta la miwa, inaegeshwa chini ya mti ambao gari lisingeufikia.

Basi huduma yenyewe. Jamaa huyu asubuhi hubeba samaki kutoka ufuoni kuwapeleka sokoni, kwa hiyo sanduku analo tayari: la mbao, bati ndani, na katikati lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Steji yake haiko mbali na Kibuye. Jina ameniomba nisiliandike kwa sababu, kwa maneno yake, "watu wa kaunti wakisikia watanitungia leseni." Mimi humwita Omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kama kila mtu hapa anavyomwita kila mtu. Yeye huniita Sista, na nikichoka sana huniita Mama. Ukisikia umekuwa Mama ujue uso umeharibika.

Barafu ndiyo iliyonifanya niandike, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Barafu ya samaki ni rahisi na hupatikana alfajiri, lakini imegandishwa kwa maji ambayo hakuna aliyekusudia yanywewe. Kipindupindu upande huu wa ziwa si hadithi. Nimewauguza wagonjwa wake kwa mikono hii. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwake lilikuwa kwamba barafu ya ngozi na barafu ya mdomo zisionane. Ya mdomo naigandisha nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, kwenye chupa za nusu lita, na chupa zinakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndoo inakaa ndani ya sanduku. Ya ngozi inamwagwa kuizunguka. Omera hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alifunga kitambaa chekundu kwenye kifuniko cha ndoo, na siku niliyonyoosha mkono kuchota kipande cha nje nikipeleke kinywani, aliupiga kofi. "Hiyo ni ya mbuta, Sista." Mbuta ndiye sangara, samaki wa ziwani.

Harufu sitaificha. Alilisugua sanduku kwa sabuni ya unga na ndimu, matokeo yake likawa linanuka mbuta aliyekamuliwa ndimu. Unazoea. Paka wa Rabuor hawajazoea.

Sasa tazama anavyofunga leso. Anatandaza nusu ya leso kuukuu juu ya kiti cha pikipiki. Anachota konzi mbili za barafu iliyosagwa, anaipanga katikati kwa mstari, si lundo. Anaviringisha, anasokota ncha zote mbili hadi kitambaa kikaze, kisha ananivika shingoni fundo likiwa nyuma, ili barafu yenyewe ilalie ile mishipa miwili ya pembeni mwa koo. Konzi ya tatu inaingia kofiani. Shughuli nzima haifiki dakika, na mimi huku natafuna kiazi. Maji yanapoanza kuteremka kwenye uti wa mgongo nakuwa nimeshaondoka. Kwa jua la Februari barafu hiyo humalizika kwa dakika ishirini na kitu. Kwa mwendo wangu hizo ni kilomita tatu kasoro. Ndiyo maana makubaliano yetu ni kituo kila kilomita tatu kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya hapo, kila sita zinatosha.

Ila kilomita tatu zake si za kupimwa na saa ya mkononi. Kivuli kizuri kikiwa kwenye mbili na nusu, anasimama hapo. Kama hakuna mpaka tatu na nusu, nitavumilia, na atakuwa amenijulisha kwenye kituo kilichotangulia. Hafuati nyuma akinipigia injini masikioni, wala hatangulii akinivutisha moshi. Anapita, anapotea kabisa, halafu namkuta chini ya mwembe upande wa kulia wa barabara, ule ninaokimbilia nikitazamana na magari, sanduku liko wazi na leso imeshafungwa. Hilo la upande wa kulia sikumfundisha. Dereva mwingine niliyewahi kumjaribu alikuwa akisimama ng'ambo na kunipungia mkono nivuke katikati ya malori ya Kisii.

Kwenye maji alihitaji somo. Watu wetu wakiona mtu anatoka jasho wanamhurumia kwa maji: kunywa, kunywa tena, maliza chupa. Kwa mtu anayekimbia saa kumi na sita huo ni wema unaoweza kuua. Maji matupu yakizidi, chumvi ya damu inashuka, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za kuzidiwa na jua hata mwuguzi anaweza kuzichanganya. Kwa hiyo utaratibu ni kunywa kwa kiu, si kwa ratiba. Chupa moja ya maji, inayofuata ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya duka la dawa, ya kuchanganywa na lita moja kamili. Watu wananunua unga wa wanamichezo wa bei ya kuku mzima wakati ORS, yenye gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na 13.5 za glukosi kwa lita, iko pale kaunta kwa bei ya mandazi. Ladha yake mbaya, sawa. Omera sasa hutazama vidole vyangu kabla ya kunipa chupa. Akiona pete imebana, yaani vidole vimevimba pengine kwa maji kuzidi, huuliza kwanza nimekunywa ngapi, na jibu lisipompendeza ananinyima maji, ananipa kiazi kitamu kilichochovywa chumvi.

Chakula kingine: uji wa wimbi wenye ndimu kwenye chupa ya chai hadi saa tatu, kisha ndizi, viazi, chapati iliyokatwa vipande. Saa nane mchana hakuna kinachopita kooni isipokuwa tikiti maji, na tikiti maji analijua kulichagua. Analigonga mara mbili, analirudisha, anagonga lingine. Muuzaji hununa.

Tunaondoka saa tisa usiku. Hadi Ahero taa yake iko mita kama hamsini nyuma yangu, na hiyo peke yake, kwa mwanamke anayekimbia gizani kwenye barabara kuu, ina thamani ya nusu ya malipo. Nyando tunauvuka bado giza, mashamba ya mpunga unayasikia kwa vyura kabla hujayaona. Katito ni mapema, baridi bado ipo, napita haraka. Safari yenyewe inaanzia Pap Onditi.

Hapo ndipo nilipomjua. Ilikuwa inaelekea saa saba, kabla ya daraja la Sondu Miriu. Nikamwambia atangulie hadi darajani, vituo vya katikati nitaviruka, najisikia vizuri. Kwenye mfuko wa shati ana karatasi niliyomwandikia mimi mwenyewe, ina maswali matatu ya kupima kama jua limenichanganya: leo siku gani, Ahero iko mbele au nyuma, mtoto wako wa pili anaitwa nani. Akaniuliza yote. Nikayajibu yote, sawasawa. Akafunga sanduku, akakunja karatasi, halafu akasema haendi.

"Lakini nimejibu."

"Umejibu, Mama. Ila tangu asubuhi kila kituo unaniuliza kama nimekula. Vituo viwili hivi hujaniuliza."

Akanikalisha juu ya mtungi wa maji chini ya mkuyu, akanivua viatu, akanimwagia maji yote yaliyoyeyuka chini ya sanduku, kichwani, mapajani, kwenye mikono, na kunipepea kwa kipande cha katoni cha soda. Nilinuka mbuta hadi Homa Bay. Kitabuni, joto la mwili likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuyumba, hiyo ni dharura, na kanuni ni kumpoza mtu hapohapo kwanza ndipo umsafirishe. Watu wengi wanafanya kinyume: wanampakia mgonjwa kwenye gari la moto, wanakimbiza, anawasili ameiva. Mimi sikuwa nimefika huko. Lakini Omera, ambaye nyuzi 40 hazimhusu, alianza na maji, na pikipiki akaiacha imezimwa. Baada ya kama robo saa nikamuuliza kama amekula. Akacheka, akanirudishia viatu.

Kwa hilo peke yake ningempa nyota zote. Lakini hii ni tathmini, kwa hiyo tuje kwenye simu.

Simu yake hailali. Wateja wa samaki, mke, chama, mtu anayemdai, mtu anayedaiwa naye. Pale Katito alipigiwa na mteja wake wa zamani, mama mmoja mwenye kuku, wa kupelekwa upande wa Sondu "hapo tu karibu, dakika kumi". Akaenda. Na sanduku langu likaenda, na chupa zangu zikaenda, na yule mama akakaa mbele ya sanduku akilipa nauli kwenye pikipiki niliyoilipia mimi. Dakika kumi zilikuwa arobaini. Nilinunua maji kioski kwa bei ya dhahabu na nikapita vituo viwili nikiongea peke yangu, maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliporudi alikuwa na yai la kuchemsha la kuniombea msamaha. Nililila. Hasira haikuisha.

Redio pia. Ukimkuta chini ya mti redio inahubiri au inachambua mpira, kwa sauti ya kusikika na kijiji. Kilomita ya tisini hutaki kusikia nani alikosa penalti. Na helmeti: sheria inataka abiria awe nayo, yeye anayo moja tu, yake. Mimi sipandi, lakini siku itakayobidi nipande itakuwa ni siku mbaya tayari, na sitaki kuijadili helmeti siku hiyo. Wewe ukimkodi, njoo na yako.

Baada ya Sondu Miriu vioski vinapungua, na hapo ndipo faida yake nyingine inapojitokeza, ya mdomo. Anaongea na watu. Kuomba maji ya kisima ya kumwagia kichwani kwenye boma usilolijua si jambo la kila mtu, hasa mwombaji akiwa mwanamke mtu mzima aliyevaa kaptura. Yeye huanza na salamu, habari za mifugo, habari za mvua, halafu, akiona mwenye kisima anasitasita, humkumbusha Simbi Nyaima. Lile ziwa la volkeno liko hapo karibu na Kendu Bay, na kila mtoto wa Karachuonyo anajua kisa chake: bibi kizee alifika kijijini akanyimwa chakula na pa kulala, kijiji kikazama majini na watu wake. "Na huyu ninayemleta," anasema akininyooshea kidole, "mwangalie vizuri, bibi kizee ndiye huyo." Maji hayajawahi kukosekana. Matusi nimeyasamehe.

Kendu Bay tunaifikia alasiri, adhana ikitoka msikiti wa Tawakal ikiwa nimebahatika na saa. Kuanzia hapo upepo wa ziwa unakuwa umeingia nchi kavu, unaupata usoni, na barafu inageuka kutoka uhai kuwa starehe. Vituo tunarudisha kila kilomita tano. Sehemu hii haina mengi ya kusimulia: vilima vya Homa viko kulia, miguu imekataa kitambo, Omera amewasha taa tena, na ameishiwa habari za mpira. Homa Bay ni kama saa mbili usiku, samaki wa kukaanga na ugali, matatu ya kesho asubuhi. Yeye hurudi usiku uleule kwa sababu kuna samaki wa kubeba alfajiri. Nimemwambia mara nyingi kwamba kulala njiani ni sehemu ya malipo, hajakubali, na hilo linanikosesha usingizi kuliko miguu.

Je, namshauri nani amkodi? Mtu wa kilomita 50 na zaidi kwenye jua. Kwa chini ya hapo utakuwa unapoteza pesa. Vioski vya kutoka Nyamasaria hadi Ahero vinatosha, beba noti ndogondogo na pakiti mbili za ORS. Na mtu anayetaka kimya asijisumbue, atateseka.

Masharti ya kukubaliana naye kabla, na yaandike, kwa sababu mdomoni atakubali kila kitu: sanduku haliondoki njiani kwa sababu ya abiria yeyote, hata akiwa shangazi yake. Simu inapokelewa pikipiki ikiwa imesimama. Barafu mbili, ndoo moja yenye kitambaa. Nusu ya pesa kwa M-Pesa siku iliyotangulia, nusu Homa Bay, na ya mafuta mpe mkononi, usimwache akanunue kwa deni kituoni kwa rafiki yake maana mtasimama nusu saa mkisalimiana. Masika yakianza anaongeza 500, akisema ni ya kuosha matope. Ni haki yake, ile barabara ya ndani ikinyesha naijua.

Nimempendekezea anunue sanduku dogo la pili la chakula peke yake, ili chapati zisije na harufu. Amesema wazo ni zuri sana na ameniuliza nitamnunulia lini.